Tanuri la DC la kuyeyushia chuma: faida yake khasa iko wapi? (Mafundi umeme na weldingi, karibuni)

BinWete (mleta mada)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Kwenye ule uzi wa kukatika umeme kuna mtu alitupia swali, likazama kwenye malalamiko: viwanda vinavyoyeyusha skrepa (vyuma chakavu) kwa umeme, mbona vingine vinatumia AC (mkondo unaogeuka kwenda na kurudi, kama wa nyumbani) na vingine DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri), na kipi bora? Nimeona nilifungulie uzi wake. Nimekaa miaka kwenye kiwanda cha chuma huko Ghuba, upande wa umeme, na mada hii huelezwa kwa mkato mno: "DC inakula umeme kidogo, basi." Ukipima umeme unaoliwa kwa tani, tofauti ni ndogo, na wapo watakaokuapia kwamba haipo. Faida ya DC iko kwenye bili ya elektrodi (fimbo za grafaiti zinazoingiza umeme tanurini), na kwa jirani aliyeungwa laini moja na kiwanda. Hilo la jirani ndilo linalotuhusu sisi watu wa visiwani.

Kwanza tanuri lenyewe, kwa asiyelijua. Ni pipa kubwa la chuma lililojengwa ndani kwa matofali ya magnesia, kuta za juu zinapozwa kwa maji, na lina kifuniko kinachosogezwa pembeni. Kreni inamimina skrepa, kifuniko kinarudi, zinashushwa fimbo nene za grafaiti, umeme unaruka kati ya ncha ya fimbo na skrepa. Huo mruko ndio tao. Joto la tao ni maelfu ya digrii; chuma chenyewe kinayeyuka kwenye 1500 na kitu, na kinatolewa kikiwa kati ya 1600 na 1650. Kwa tani moja unalipa kilowati-saa 350 mpaka 450 hivi. Inategemea skrepa, oksijeni mnayopuliza, na ujuzi wa waliokaa kwenye kibanda cha kuendeshea.

Tanuri la AC lina fimbo tatu, kila fezi na yake. Umeme unashuka kwa moja, unapita kwenye chuma, unapanda kwa nyingine. La DC mara nyingi lina fimbo moja tu, imesimama katikati, nayo ni hasi. Chanya iko chini, kwenye kitako cha tanuri. Baina ya transfoma na tanuri zinakaa rektifaya (mitambo ya kugeuza AC kuwa DC) za thairista, yaani swichi za kielektroniki, na reakta, koili kubwa ya kutuliza mkondo.

Wazo hili ni la zamani kuliko la AC. William Siemens alikuwa akiyeyusha chuma kwa tao la DC kule Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1870. Kisha Mfaransa Paul Héroult akaja na tanuri lake la kibiashara mwaka 1900, na AC ikatawala karibu karne nzima, kwa sababu transfoma ilikuwa rahisi na hapakuwa na njia ya maana ya kugeuza mkondo mkubwa kiasi hicho kuwa DC. Thairista kubwa ndizo zilizofungua mlango, na miaka ya 1980 matanuri ya DC ya chuma yakaanza kusimama Ulaya, Marekani na Japani. Wajapani ndio waliolipenda zaidi. Kiwanda cha Tokyo Steel pale Tahara kilifunga mwaka 2010 tanuri la DC linalobeba tani 420, na hilo ni kubwa mpaka likahitaji fimbo mbili.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua.

---

Kipungu

Natandika mkeka hapa. Chai ya tangawizi ipo.

---

Fundi Saateni

Maalim, sisi wa weldingi hili tunalijua kwa mkono. Mashine ya transfoma, ya AC, inanguruma na tao linakukatikia, ukishika vibaya vyuma vinagandana. Ukichukua invata ya DC tao limetulia, unaandika unavyotaka. Ndiyo khabari hiyo hiyo?

Lakini umenitatiza kitu kimoja. Mimi na elektrodi ya kawaida naweka chanya kwenye koleo, hasi kwenye kazi. Wewe unasema fimbo ya tanuri ni hasi. Mbona kinyume?

---

BinWete

Fundi, ni khabari hiyo hiyo, na umeuliza swali la kifundi.

AC ya hertzi 50 inapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Kila ikipita sifuri tao linataka kuzimika, na lazima liwashwe upya. Skrepa ikiwa bado baridi linazimika kweli, au linarukia kipande kingine. DC haina sifuri, kwa hiyo tao likishashika limeshika. Ndiyo maana DC pia haina makelele kama ya AC. Nimewahi kusimama karibu na tanuri la AC dakika za mwanzo za mpiko (duru moja ya kuyeyusha). Hata ukiziba masikio unalisikia kifuani.

Kuhusu hasi na chanya: fikiria weldingi ya tigi, si elektrodi ya kuyeyuka. Elektrodi yako ya kawaida unataka iyeyuke, ndiyo kazi yake, iingie kwenye kiungo. Kwenye tigi ile sindano ya tangsteni hutaki iyeyuke, kwa hiyo unaiweka hasi, na sehemu kubwa ya joto inaangukia upande wa chanya, yaani kwenye kazi. Tanuri ni hivyo hivyo. Fimbo ya grafaiti ni ghali, hutaki iishe, unataka joto lishuke kwenye chuma.

Hapo ndipo faida ya kwanza inapotoka. Grafaiti inaisha kwa njia mbili: ncha inaliwa na tao, na ubavu unaungua kwa hewa kwa sababu fimbo nzima imewaka nyekundu. AC ina fimbo tatu, yaani mbavu tatu zinazoungua kwa pamoja. Tanuri zuri la AC linakula kilo 1.5 mpaka 2.5 za grafaiti kwa kila tani ya chuma. La DC kilo 1 mpaka 1.5. Mtu ataona kilo moja kasoro si kitu. Chukua kiwanda cha tani 300,000 kwa mwaka, weka tofauti ya kilo 0.7 tu: tani 210 za grafaiti. Na mwaka 2017 kuingia 2018, China ilipofunga viwanda vichafu na koki (malighafi ya kaboni) ya kutengenezea elektrodi ikaadimika, bei ya grafaiti ilipanda mara kadhaa ndani ya miezi. Wenye DC walilia pia, ila kwa sauti ndogo.

---

Mwana Mbweni

Maalim, mimi niko chuo cha ufundi mwaka wa pili, umeme. Naomba kuuliza: hilo tao moja katikati lina faida gani kwa matofali? Nimesoma mahali kwamba kwenye AC kuna sehemu za ukuta zinazoliwa haraka.

---

BinWete

Ahsante mwanangu. Mikondo mitatu iliyo karibu karibu inasukumana kwa sumaku. Kwenye AC matao matatu yanasukumana nje, kila moja linainamia ukuta ulio karibu nalo. Matokeo yake unapata sehemu tatu za ukuta zinazopigwa moto kuliko nyingine, na matofali yake yanaisha kwanza. Katikati ya fimbo na fimbo kunabaki sehemu za baridi, skrepa inachelewa kuyeyuka hapo. Watu wanaweka vichomeo vya gesi na oksijeni kwenye hizo sehemu baridi kusaidia.

Tao la DC linashuka wima. Skrepa inayeyuka katikati, inaacha kisima, na skrepa iliyobaki pembeni inaukinga ukuta kwa muda mrefu zaidi. Tena tao linapuliza kwenda chini kwa nguvu, na mkondo unapita kwenye chuma chote kuelekea kitako, kwa hiyo chuma kinakorogeka chenyewe. Joto linalingana, na kipimo cha maabara unachochukua kinasema ukweli kuhusu tanuri zima.

Wasikudanganye lakini kwamba linasimama wima bila kazi. Zile baa nene za shaba au alumini zinazoleta mkondo zina sumaku yao. Ukizipitisha chini ya tanuri ovyo ovyo, tao linainamia upande mmoja na unarudi kule kule kwenye ukuta ulioliwa. Mchoro wa njia ya baa ni nusu ya ufundi wa tanuri la DC.

---

Ummu Rayyan

Wa alaykum salaam. Kaka BinWete umegusia jirani halafu ukapita, naomba nilieleze mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu, mitambo ya kusambaza umeme.

Tanuri la tao ni mteja mbaya kuliko wote ambao gridi inaweza kumpata. Dakika za mwanzo skrepa inaporomoka, kipande kinaegemea fimbo, hapo ni shoti. Sekunde inayofuata kimeyeyuka, tao limekatika, mkondo umeshuka. Unapanda na kushuka namna hiyo mara nyingi kwa sekunde, na volti ya laini nzima inacheza nao. Jicho la mwanadamu bahati mbaya limeumbwa likereke zaidi pale taa inapopepesa mara 8 au 9 kwa sekunde, na tanuri linacheza humo humo. Kwenye globu za zamani, hata volti ikicheza robo ya asilimia mtu anaiona.

Kwenye AC, shoti ikitokea kinachozuia mkondo ni reakta na nyaya tu. Kwenye DC thairista zinaubana: mkondo unashikwa karibu na pale ulipowekwa hata fimbo ikigusa skrepa. Kupepesa kunapungua kwa karibu nusu. Nusu si sifuri, kwa hiyo kiwanda kikubwa cha DC nacho kinaweza kuhitaji mtambo wa kufidia mchezo huo wa volti, ila mdogo zaidi na wa bei nafuu zaidi.

Sasa tuje kwetu. Unguja tunaishi kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, mpaka Fumba: wa mwanzo wa 1980, megawati 45, na wa pili wa 2013, megawati 100. Pemba ina wake kutoka Tanga tangu 2010, wa kilovolti 33, megawati 20 hivi. Fanyeni hesabu. Tanuri dogo la tani 30, kilowati-saa 400 kwa tani, ni megawati-saa 12 kwa mpiko. Ukitaka kuyeyusha kwa dakika 45, unavuta megawati 16 kwa wastani. Hiyo ni karibu waya mzima wa Pemba, Chake na Wete na Mkoani wakae na kandili.

Na mtu asinijibu "tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2115". Uwingi wa umeme Rufiji ni jambo moja, nguvu ya gridi pale ulipounganishwa ni jambo jingine. Uko mwisho wa laini ndefu na kebo ya baharini; mkondo ukicheza pale, volti inacheza pale, hata kama bwawa limejaa pomoni.

---

Kipungu

Yaani kiwanda kikiwashwa taa zote mpaka Mwanakwerekwe zinakonyeza. Harusi itapendeza.

---

Dole Kizimbani

Tusisahau 2008, Unguja karibu mwezi mzima gizani. Kisha Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Mimi nilikuwa na friza la samaki. Khasara ile sitaki hata kuitaja. Nyinyi mnazungumzia tanuri la chuma.

Swali langu: umeme ukikatika na tanuri limejaa chuma, inakuwaje?

---

BinWete

Ummu Rayyan kasema vizuri kuliko ningesema mimi. Na hilo la kupepesa ndilo lililowafanya Wajapani waikimbilie DC, maana viwanda vyao viko katikati ya watu.

Bw. Dole, umegusa pale ambapo DC ina udhaifu wake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wauzaji wa mitambo hupita mbio.

Udhaifu wa DC ni kitako. Makumi ya maelfu ya ampea, kwenye matanuri makubwa zaidi ya laki moja, lazima zitoke kupitia sakafu ya tanuri lililojaa chuma kilichoyeyuka. Watu wamelitatua kwa njia mbalimbali. Wafaransa walitumia vipande vinene vya chuma vilivyosimama ndani ya matofali, upande wa juu vinayeyuka, upande wa chini vinapozwa kwa maji. Wajerumani wakaja na pini nyingi nyembamba zilizopangwa kwenye sakafu. Wengine wanatumia bati nyembamba zilizosimamishwa, na wengine wanajenga sakafu nzima kwa matofali yenye kaboni yanayopitisha umeme, chini yake sahani ya shaba. Kila aina ina watetezi wake, na kila aina inaliwa pole pole. Kutegemea aina na matunzo, kitako kinaishi mipiko mamia kadhaa mpaka maelfu, kisha unasimama na kukijenga upya.

Pale nilipofanya kazi kulikuwa na skrini moja kwenye kibanda inayoonesha joto la kitako, sehemu kadhaa. Zamu nzima mtu haitoi macho pale. Namba moja ikipanda kuliko wenzake, mpiko unasimamishwa, hakuna mjadala. Chuma kikitoboa kitako kikakutana na maji ni mripuko, na mripuko ule haumchagui mtu.

Jambo la pili: kitako kinataka kiguse chuma kilichoyeyuka muda wote. Kwa hiyo hutoi chote. Lile tanuri la Tahara nililolitaja linabeba tani 420 lakini kila mpiko linatoa 300. Zilizobaki zinaachwa ndani kuanzia mpiko unaofuata. Kwa anayetengeneza nondo kila siku hiyo ni faida, skrepa inaangukia kwenye chuma cha moto. Kwa anayebadilisha aina ya chuma kila mpiko ni usumbufu, masalia ya jana yanachafua ya leo.

Sasa umeme ukikatika. Saa moja mbili unavumilia, kifuniko kimefungwa, chuma kinashika joto. Ukikatika kwa muda mrefu kinaganda. AC ukishusha fimbo tatu umeme unatoka kwa moja kwenda nyingine, kitako hakihusiki. DC lazima upite chini, na slagi (uchafu ulioyeyuka unaoelea juu) iliyoganda juu ya chuma haipitishi umeme. Kuiwasha upya ni kazi ya kuvunja, kusafisha, kupanga skrepa laini ishikane vizuri na kilicho chini. Na umeme ukikatika hata maji ya kupozea lazima yaendelee, kwa hiyo jenereta ya pampu si kitu cha kujadili bei.

Mahali penye umeme unaokatika siku nzima, mimi singeweka DC. Wala AC.

---

Fundi Saateni

Maji ya kupozea hayo mnayatoa wapi? Kisima changu birika linajaa magamba ya chokaa mwezi mmoja tu. Hizo paipu zitaziba hata kabla ya uzinduzi.

---

BinWete

Kweli kabisa, maji ya ardhi ya matumbawe ni magumu. Lazima uyasafishe, na ya kupozea thairista yanatakiwa yasiwe na chumvi kabisa, la sivyo yenyewe yatapitisha umeme. Ila chokaa hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa ndani ya tanuri: tani moja ya chuma inataka kilo 30 mpaka 50 za chokaa iliyochomwa, ya kutengeneza slagi ya kuondoa fosforasi. Wachoma chokaa wetu wangepata mteja, mradi iwe safi haina mchanga.

---

Mwana Mbweni

Kama DC ina faida zote hizi kwa nini dunia nzima haijahamia? Na kwa nini viwanda vya nondo vya Bara na Kenya hatusikii vikitumia matanuri ya tao?

---

Ummu Rayyan

La pili nalijibu mimi. Viwanda vingi vya nondo Afrika Mashariki vinatumia tanuri la induksheni, linaloyeyusha chuma kwa sumaku ya koili. Ni dogo, bei nafuu, halina fimbo, halina tao, na kwa gridi ni mteja mpole, mzigo wake umetulia. Ubaya wake ni kwamba halisafishi: kilichoingia na fosforasi kinatoka na fosforasi. Tanuri la tao lenye chokaa linasafisha. Ukiwa na skrepa ya kuchagua vizuri na soko dogo, induksheni inatosha. Hata hamoniki zake (mawimbi ya ziada yanayouchafua umeme wa laini) zipo, msidhani ni malaika.

Kuhusu hamoniki, mdogo wangu, hilo ndilo deni la DC kwa gridi. Rektifaya inakata wimbi la umeme vipande. Ya pulsi 6, yaani vipande sita kwa kila wimbi, inarudisha hamoniki ya 5 na ya 7, kubwa. Ukifunga mbili zilizopishana fezi unapata pulsi 12, na hizo zinafutana, inabaki ya 11 na ya 13, ndogo zaidi. Pulsi 24, unabaki na ya 23 na ya 25. Zilizobaki unaziwekea vichujio vya kapasita na reakta. Kwa hiyo ukiambiwa DC ni rahisi kwa sababu ina fimbo moja, uliza chumba cha rektifaya kina ukubwa gani na kimegharimu kiasi gani.

---

BinWete

Na la kwanza: kwa sababu AC haikulala. DC ilipokuja, watu wa AC wakajifunza kuvimbisha slagi. Unapuliza kaboni na oksijeni, slagi inafura kama maziwa yanayochemka na kulifunika tao zima. Ukilifunika, unaweza kutumia tao refu, volti kubwa na mkondo mdogo, bila kuunguza ukuta. Mkondo ukishuka, ncha ya grafaiti nayo inaliwa kidogo. Mwisho wa miaka ya 1990 pengo la elektrodi lilikuwa limepungua, na wanunuzi wengi wakarudi AC wakiogopa kitako.

Kuna na kikomo cha fimbo. Mkondo wote ukipita kwenye moja, lazima iwe nene, milimita 700, 750, 800. Fimbo nene za ubora huo watengenezaji wake ni wachache. AC inagawa mkondo kwa tatu, fimbo nyembamba zaidi, wauzaji wengi zaidi, bei unabishana. Mtu akikupigia hesabu ya kilo za grafaiti zilizookolewa, mwambie akupigie na bei ya kilo. Grafaiti ya 800 na ya 600 hazilingani bei.

Siku hizi kuna mitambo ya transista inayolisha tanuri la AC kwa kuubana mkondo kama rektifaya inavyoubana. Hiyo inaichukulia DC ile faida yake ya jirani, bila ya tabu ya kitako. Mimi ningekuwa nanunua leo kwa gridi dhaifu, hizo ningeziangalia kabla ya kutia saini.

Mahali ambapo DC haijapata mpinzani ni kuyeyusha unga unga. Wenzetu wa Afrika Kusini, taasisi ya Mintek, walilifanyia kazi hilo tangu miaka ya 1970, na mwaka 1984 tanuri la DC la ferokromu (mchanganyiko wa chuma na kromu) likaanza kazi Krugersdorp. Madini ya kromu yaliyosagika hayafai kwenye tanuri la kawaida, yanaziba njia ya gesi. Kwenye DC unayamwaga moja kwa moja kwenye bwawa lililo wazi chini ya tao, hata kupitia tundu la katikati ya fimbo. Baadaye wakafanya hivyo hivyo kwa mchanga mweusi wenye titani kule Namakwa Sands, huko huko Afrika Kusini. Vijana wanaotaka kusoma wasitazame Ulaya tu.

---

Mzee wa Gati

Nimesoma toka juu, mengi yamenipita, lakini mimi ndiye ninayenunua hivyo vyuma chakavu mnavyovizungumza, kutoka mitaani mpaka bandarini Malindi. Magari, mabati, mabomba, injini za maboti. Je, hilo tanuri la DC lingenunua kila kitu? Maana mnunuzi wa Bara siku hizi ananikatia bei, ati mzigo una shaba.

---

BinWete

Mzee wangu, shikamoo. Hana makosa huyo mnunuzi. Shaba ikishaingia kwenye chuma haitoki. Oksijeni inaunguza fosforasi, silikoni, manganizi, lakini shaba inabaki pale pale kwa sababu chuma kinaungua kabla yake. Kikija kuviringishwa kikiwa moto, shaba inajikusanya usoni na chuma kinapasuka nyufa. Awe na AC, DC au induksheni, jibu ni moja: ama akuchagulie, ama achanganye na chuma kipya.

Kwa hiyo toa mota za staata, altaneta na nyaya kabla ya kupima. Utauza shaba kwa bei ya shaba na chuma kwa bei ya chuma. Na mitungi ya gesi na shokomzoba, tafadhali ikatwe au itobolewe. Kilichofungwa kikiingia kwenye chuma kilichoyeyuka kinaripuka. Vilevile injini yenye maji ya bahari ndani.

---

Mzee wa Gati

Marhaba. Shokomzoba hakuna aliyewahi kuniambia. Nimetuma nyingi sana, nzima nzima.

---

Dole Kizimbani

Ndiyo maana wanakukatia bei, mzee, wewe unawatumia mabomu.

---

Mwana Mbweni

La mwisho Maalim. Nataka kufanya mradi wa mwaka juu ya hili. Nianzie wapi, maana tanuri hatuna?

---

BinWete

Usianze na tanuri, anza na laini. Nenda kwa Fundi Saateni na kifaa cha kurekodi volti na mkondo. Rekodi mashine ya transfoma na invata, kiungo kile kile, laini ile ile, mchana na usiku. Tazama volti inavyocheza kwenye kila moja, na hamoniki zinavyotofautiana. Invata itakuonesha kwamba volti imetulia na wimbi limeharibika zaidi, na hapo utakuwa na mjadala mzima wa DC na AC mikononi mwako kwa bei ya tukuza (umeme wetu wa kulipia kabla).

---

Fundi Saateni

Aje. Ila tukuza analeta yeye.